Nyama ngumu ya Isevya na jani la mpapai

Ndugu msomaji, juma hili nakuomba tuingie jikoni. Najua wapo watakaoguna kwamba mtangazaji ameishiwa na hoja, nchi ina mambo mazito na yeye anazungumzia sufuria. Wengine watauliza mwanamume anatafuta nini mekoni. Vumilia kidogo. Jambo lenyewe lilinikuta Isevya, pale Tabora mjini, na tangu siku hiyo halijanitoka kichwani.

Tulikuwa katika shughuli ya arobaini ya mjomba wangu. Ng'ombe aliyechinjwa alikuwa maksai mzee, aliyevuta jembe na mkokoteni miaka mingi mpaka shingo ikaota sugu. Alichinjwa alfajiri, akachunwa, akakatwa, na kufika saa mbili asubuhi sufuria ya kwanza ilikuwa motoni. Saa saba mchana nyama ile ilikuwa bado inarudisha meno. Watu walikuwa wamekwisha kuswali adhuhuri, wamekaa mikekani wanatupia jicho upande wa jikoni kwa adabu, na adabu ya mtu mwenye njaa ina mwisho wake.

Hapo ndipo kijana mmoja, mpishi wa kukodiwa, alipotoa mfukoni pakiti nne za vidonge vya kutuliza maumivu, vile vyeupe vinavyouzwa katika kila duka la mtaani, akaanza kuvifyatua kimoja kimoja kiganjani. Hakujificha. Alikuwa kama mtu anayepima chumvi. Mimi nilisimama hatua mbili tu kutoka kwake, na nakiri mbele yenu kwamba sikusema neno. Nilicheka. Nilidhani ni ujanja wa wapishi, na nilikuwa na njaa kama wenzangu.

Aliyemzuia ni shangazi yangu, mwanamke wa miaka sabini na ushei. Alimshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, hiyo ni dawa ya kichwa. Nyama hii inaumwa kichwa?" Akina mama wakaangua kicheko, kijana akaona haya, vidonge vikarudi mfukoni. Baadaye nilimwita pembeni nikamuuliza alikojifunza. Akanitajia mgahawa mmoja ambako alifanya kazi mwaka mzima. Jina silitaji. Nitasema tu kwamba nimekula pale mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, tena nikiisifu nyama yao kwa ulaini.

Kwa nini nyama yetu ni ngumu? Swali hili tunalijibu kwa kumlaumu mwenye bucha, lakini kisa ni kirefu zaidi. Nyama ni nyuzi za misuli zilizofungwa pamoja kwa utando mweupe ambao wataalamu huuita kolajeni. Ng'ombe akizeeka, na akifanya kazi ya kuvuta na kutembea, utando huo hukaza na kushikamana zaidi. Hauyeyuki kwa moto mkali wa haraka. Unataka maji na muda mrefu, ndipo unapogeuka kuwa ule utelezi unaonata midomoni. Mnywaji wa supu ya makongoro anaufahamu vizuri, ingawa pengine hajui jina lake. Zaidi ya hayo, ng'ombe wetu wenye nundu, jamii ya zebu, wana kitu mwilini kinachozuia vimeng'enya vya asili visilainishe nyama baada ya mnyama kuchinjwa. Hivyo maksai wa Unyamwezi huingia chunguni na ugumu wa aina mbili, wa ukoo na wa kazi.

Halafu kuna saa ya kuchinja. Mnyama akishakufa, misuli hubaki laini kwa saa chache, kisha hukakamaa, kama tunavyojua sote tuliowahi kuosha maiti. Kwa ng'ombe ukakamavu huo huanza baada ya saa kadhaa na hukaa mpaka siku nzima na zaidi, kisha huachia polepole. Wazungu huitundika nyama penye baridi ya karibu na kuganda kwa siku saba, kumi au kumi na nne, ndipo waiuze. Sisi tunachinja usiku wa manane au alfajiri na kuuza asubuhi, kwa sababu joto letu halisubiri. Maana yake, mama anayenunua saa tatu asubuhi na kuinjika saa nne anapika nyama wakati ule hasa ambao imekakamaa. Mwenye friza naye hudhani ameokoka, huitupia humo ikiwa bado na joto la mnyama. Baridi kali ikiiwahi nyama kabla haijakakamaa, nyuzi hujikunyata na nyama hutoka ngumu kuliko ilivyoingia. Watafiti wa New Zealand walilieleza jambo hilo katika miaka ya 1960, baada ya kusumbuliwa na nyama ya kondoo wao wenyewe.

Na Tabora ina hila yake. Mji uko kiasi cha meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko juu maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, yaani kwenye digrii 96 hivi. Mpishi wa Dar es Salaam na mpishi wa Isevya wanaweza kutumia sufuria moja, nyama moja na makaa yale yale, lakini wa Isevya atachelewa. Mwenzangu mmoja studio hakuniamini nilipomweleza haya. Ni fizikia ya kidato cha pili.

Sasa turudi nyuma. Tabora ni mji uliojengwa na miguu ya watu. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakaingia Kazeh, kama Burton alivyouita mji huu, tarehe 7 Novemba. Ni zaidi ya miezi minne. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 32, na posho yao ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Nyama ilikuwa bahati. Ilipatikana mwenye msafara alipochinja ili kuwatuliza watu wake, au bunduki ilipoangusha mnyama wa porini.

Ikipatikana, walifanyaje? Walipika mara moja, na hapo walikuwa na akili kuliko sisi, maana nyama iliyoingia motoni kabla ya kukakamaa haisumbui sana. Iliyobaki walikata vipande virefu, wakaianika juani au kuitandaza juu ya uchanja na kuwasha moto wa moshi chini yake. Nyama kavu ni nyepesi begani. Lakini nyama kavu nayo ni ubao. Dawa yake ni kuiloweka, au kuitia kinuni na kuitwanga mpaka nyuzi zitengane, kisha kuichemsha. Wanaosifia ile nyundo ya meno ya kupondea nyama katika maduka ya vyombo wasisahau kwamba mchi uliifanya kazi hiyo zamani sana, nao hauhitaji kuagizwa ng'ambo.

Chumvi pia ilipita hapa. Uvinza, upande wa magharibi kwenye njia ya kwenda Ujiji, kuna chemchemi za maji ya chumvi, na wachimbaji wa mambo ya kale wamegundua kuwa watu walichemsha chumvi pale tangu karne ya 5 au ya 6. Chumvi ya Uvinza ilisambaa nchi nyingi za jirani na ilikuwa mali ya kubadilishana. Nyama iliyokaa na chumvi kwa muda, kabla ya kupikwa, hulegea nyuzi na kushika maji yake. Shangazi hutia chumvi usiku kwa ajili ya mchana wa kesho. Sisi wa mjini tunanyunyiza dakika ya mwisho na kushangaa.

Tuje kwenye mpapai. Si mti wa kwetu kwa asili. Ulitoka Amerika, ukaletwa na Wareno na Wahispania walipoanza kuzunguka bahari za dunia, ukafika pwani yetu na kupanda bara pamoja na misafara. Henry Morton Stanley, aliyefika Kwihara, karibu na Tabora, mwezi Juni 1871, alitaja katika kitabu chake cha mwaka 1872 vitu vilivyopandwa na Waarabu kuzunguka matembe yao: ngano kidogo, michungwa, milimau, mipapai na miembe. Akataja vitunguu, vitunguu saumu na pilipili, na maelfu ya ng'ombe na mbuzi katika malisho ya Unyanyembe. Mwenye kulijua jiko la pwani akiisoma orodha hiyo haoni bustani, anaona mishkaki. Papai bichi lililosagwa, kitunguu saumu, ndimu, chumvi: hadi leo Zanzibar, Mombasa na Muscat nyama ya kuchoma huanzia hapo, na Wahindi nao hufanya hivyo hivyo kwa kababu zao.

Katika tembe hilo la Kwihara, ambalo leo ni makumbusho, ndimo alimokaa David Livingstone tangu Februari hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi aliotafutiwa na Stanley. Watoto wa shule hupelekwa pale kuambiwa habari za utumwa na za safari zake, na ni sawa. Lakini hakuna anayewaambia kwamba mzee yule alikuja kwetu karibu kibogoyo. Mwenyewe aliandika kwamba meno yake yalivunjika na kung'oka kwa kung'wafua mahindi na vyakula vingine vigumu katika miaka yake ya shida. Alikuwa na mpishi aitwaye Halima, ambaye Stanley alimkuta Ujiji na kumwandika kwa jina. Nikipita Kwihara humfikiria Halima kuliko ninavyomfikiria Stanley. Kumlisha nyama ya Unyanyembe mtu asiye na meno ni kazi ambayo haikupewa nishani na mtu yeyote.

Nguvu ya mpapai iko katika utomvu wake mweupe, ule unaowasha ngozi. Ndani yake mna kimeng'enya kinachokata protini, na mwaka 1879 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Wurtz na Bouchut, walikipa jina la papeini. Papai likiiva utomvu hupungua, ndiyo maana lazima liwe bichi, la kijani kabisa. Majani nayo yana utomvu, kwa hiyo nyama hufungwa ndani ya majani yaliyopondwapondwa. Mkono lazima uwe mwepesi. Papeini haiingii ndani sana, hula juu juu, na ukiisahau usiku kucha kwenye vipande vidogo utaamka na uji. Hufanya kazi kwa nguvu nyama inapopata moto, kwenye digrii 60 hadi 70 hivi, lakini joto likizidi hapo, kimeng'enya hufa. Kwa hiyo kutupa papai katika sufuria inayotokota ni kupoteza papai. Nanasi bichi lina kimeng'enya cha namna hiyo. La kopo halina, kwa sababu limepikwa.

Hapa niongeze jambo linaloniuma. Papeini hii iliwahi kuwa biashara yetu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, ndiyo iliyotajwa sana. Baadaye Afrika Mashariki ikaingia, na katika miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza nje utomvu mkavu wa papai, pamoja na Uganda na Kongo ya mashariki, upande wa Beni na Kivu. Papai bichi lilichanjwa asubuhi kwa mikato myembamba, utomvu ukakingwa, ukakaushwa, ukasafirishwa. Ulaya na Marekani waliutumia kuifanya bia isiingie ukungu ikipoa, kutengeneza ngozi, na kulainisha nyama. Kampuni ya Swift ya Marekani ilifikia hatua ya kumdunga ng'ombe papeini mshipani dakika chache kabla ya kumchinja. Leo unga wa kulainisha nyama unauzwa katika chupa ndogo kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam, umetoka ng'ambo, na mwenye kuununua ana mpapai unaodondosha matunda uani kwake.

Njia nyingine nitazipitia kwa haraka. Maziwa mgando na ndimu hulegeza nyama kwa uchachu, polepole, na ndimu ikizidi nyama hukauka. Kukata kinyume cha nyuzi hakugharimu chochote, na wauza bucha wengi hawakujui, au hawakutaki. Magadi hulainisha kweli, ila yakizidi chakula hunuka sabuni na vitamini B1 hupotea, na magadi ya maziwa yetu ya kaskazini yana madini ya floraidi, yale yanayochafua meno ya watoto.

Na kuna sufuria ya presha. Ilibuniwa na Mfaransa Denis Papin, aliyeionyesha London mwaka 1679. Mvuke ukizuiwa, maji hupanda mpaka digrii 120 hivi, na tofauti ya Tabora na Dar es Salaam hupungua sana. Mwaka 1682 aliwaalika wanachuoni wa Royal Society kula vitu vilivyopikwa humo, na mmoja wao, John Evelyn, aliandika kwamba mifupa ilikuwa laini kama jibini. Wapo wanaodhani jina la papeini limetokana na Bwana Papin. La hasha, limetokana na papai. Hawa wawili wamekutana jikoni tu.

Presha kuka ni ghali kwa wengi, na ndiyo maana shangazi ana yake ya kienyeji: hufinyanga unga kwa maji, akauzungushia ukingo wa sufuria kama udongo wa fundi, akafunika, kisha akapalia makaa juu ya mfuniko. Mvuke hautoki kirahisi, moto unatoka pande zote mbili, na mkaa unaokoka. Mkaa huo unatoka katika miombo ya Tabora, na kila gunia linatoka mbali zaidi kuliko la mwaka juzi. Saa tano za kuchemsha nyama ngumu ni miti. Sidhani kama nahitaji kulieleza zaidi kwa mtu anayenunua mkaa.

Sasa vidonge. Kidonge kile ni dawa ya maumivu na homa. Hakina kimeng'enya, hakina kazi ya kukata kolajeni, wala hakikutengenezwa kwa ajili ya sufuria. Mtu mzima mwenye afya haruhusiwi kupita gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na akizidisha kinachoumia ni ini, tena kimya kimya, siku mbili tatu kabla hajajijua. Nilipiga hesabu ya pakiti nne za yule kijana. Vidonge 40 kwa watu mia moja ni chini ya nusu kidonge kwa kila mlaji, na nisingependa kumtisha mtu kwa uongo. Lakini shughuli ya arobaini hupita. Mgahawa hupika kila siku, kwa sufuria ndogo, bila kipimo, na mteja wake anaweza kuwa mtoto, mlevi, au mgonjwa wa ini asiyejua kuwa anaumwa. Pale Isevya palikuwa na mzee mmoja anayemeza vidonge hivyo hivyo kila siku kwa ajili ya magoti. Angepewa dozi juu ya dozi, tena msibani, na mimi nikiwa nimesimama nacheka. Dawa mtu huambiwa kabla ya kuimeza. Aliyeificha katika mchuzi amemnyima mwenzake haki hiyo, na sioni kwa nini tuite jambo hilo ufundi wa jikoni.

Shangazi hakutoa hotuba yoyote. Alimtuma yule yule kijana aangue mapapai matatu mabichi nyuma ya nyumba, akamwonyesha kuyakwangua pamoja na maganda na kuisugulia nyama iliyokuwa bado haijapikwa, akamwambia aiache saa moja. Sufuria iliyokuwa motoni aliizungushia unga na kuipalia makaa. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema ni bibi yake, aliyezaliwa kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, naye bibi hakusema alikojifunza, kwa sababu enzi hizo watoto hawakuuliza maswali kama ya watangazaji.

Tulikula saa kumi kasoro robo. Sufuria ya papai iliiva mbele ya ile iliyotangulia motoni tangu asubuhi. Yule mzee wa magoti, ambaye meno yake ya mbele hayapo, aliomba aongezwe, na kijana ndiye aliyempelekea sahani.